Yusufu Asiyesema Neno: Uhakiki wa Wito na Utii katika Masimulizi ya Krismasi

Utangulizi

Hapa Uganda sikukuu ya Krismasi, au Ssekukkulu kama Waganda wanavyoiita, inajulikana kwanza kwa safari. Wiki ya tatu ya Desemba ikifika, vituo vya mabasi vya Kampala hujaa watu, nauli hupanda, na mji hubaki karibu mtupu kwa sababu kila mtu amekwenda kwao. Kijijini kuna nyama, wali, matoke na nguo mpya za watoto. Tarehe 25 asubuhi watu huenda kanisani, na mara nyingi vijana huonyesha igizo la kuzaliwa kwa Yesu. Humo tunamwona Mariamu juu ya punda, mwenye nyumba ya wageni anayewafungia mlango, wafalme watatu wenye mataji ya karatasi, na Yusufu, ambaye kwa kawaida hupewa kijana asiyeweza kukariri maneno mengi.

Sina ugomvi na sikukuu wala na igizo. Lakini mwanafunzi wa fasihi akirudi kwenye matini yenyewe, yaani sura mbili za kwanza za Mathayo na sura mbili za kwanza za Luka, atashangaa. Punda hatajwi. Mwenye nyumba anayefunga mlango hayumo. Mamajusi hawaitwi wafalme, wala idadi yao haikutolewa. Kilichohesabiwa ni aina tatu za zawadi zao. Igizo limeongeza wahusika na mapambo, na kwa kufanya hivyo limeficha jambo linalounganisha masimulizi yote mawili: kila mhusika muhimu anaitwa, na anapimwa kwa namna anavyoitika.

Katika insha hii nimekusudia kuhakiki dhana ya wito na utii katika masimulizi hayo, nikitumia hasa tafsiri ya Biblia ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952, kwa kuwa ndiyo inayosomwa sana na wazungumzaji wa Kiswahili wa Kiprotestanti Afrika Mashariki. Hoja yangu ni kwamba utii unaosifiwa katika Krismasi si ule wa kufunga mdomo na kuinamisha kichwa. Ni utii unaouliza, unaopima anayeita ni nani, na wakati mwingine unaokataa amri. Suala hili linatugusa sisi wanafunzi, kwa sababu neno "wito" linatumiwa sana katika maisha yetu, na halitumiwi vizuri siku zote.

Kuitwa, kuitika, kutii

Tuanze na lugha. Kitenzi "ita" kimezaa "wito" au "mwito", na papo hapo kimezaa "itika", "itikia" na "mwitiko". Kwa Kiswahili, basi, anayeita na anayeitika wanatumia mzizi mmoja. Mtu haitiki kama hakuitwa; na wito usioitikiwa ni kama nusu ya neno. Kitenzi "tii" ni tofauti. Kimetoka katika Kiarabu, na maana yake inaelekea zaidi kwenye kufuata amri ya aliye juu yako. Mtu anaweza kutii sheria isiyomtaja kwa jina, lakini huitika pale tu anapoitwa yeye.

Desturi za Waswahili zinatusaidia hapa. Mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa na mkubwa wake haitiki kwa "nini?" Huitika "labeka", "abee" au "naam". "Labeka" nalo lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni mtu kujiweka tayari mbele ya anayemwita. Ni muhimu tuone kwamba "labeka" si jibu la mwisho. Baada ya kuitika, mtoto husogea, husikiliza anachotumwa, na anaweza kuuliza aende duka lipi, alete kiasi gani. Kuuliza hakuvunji adabu iliyo katika "labeka". Ninaamini masimulizi ya Krismasi yanasomeka vizuri zaidi tukiyatazama kwa jicho hili la kuitika kuliko kwa jicho la kutii peke yake.

Maswali mawili yanayofanana

Luka anaanza na watu wawili wanaotembelewa na malaika Gabrieli. Wa kwanza ni Zakaria, kuhani mzee, akiwa kazini hekaluni Yerusalemu. Wa pili ni Mariamu, msichana aliyeposwa, katika mji mdogo wa Nazareti. Wote wanaahidiwa mtoto. Wote wanaogopa. Wote wanauliza swali. Zakaria anakuwa bubu mpaka mtoto wake Yohana azaliwe. Mariamu anajibiwa kwa upole na kupewa maelezo. Wasomaji wengi wameuliza kama hiyo ni haki. Kwa nini swali la kuhani liadhibiwe na swali la msichana lipokelewe?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba Zakaria alikuwa na shaka na Mariamu alikuwa na imani. Jibu hilo si baya, ila linasema tu matokeo. Tafsiri ya Kiswahili inatuonyesha jambo hilo katika sarufi yenyewe. Zakaria anaanza swali lake kwa "nitajuaje". Mariamu anaanza kwa "litakuwaje". Vitenzi hivi vinafanana kwa njeo, kwa kuwa vyote vina -ta-, na vinafanana kwa kiulizi -je mwishoni. Tofauti kubwa iko kwenye kiambishi cha mwanzo. Swali la Zakaria lina "ni-": jambo limesogezwa likakaa juu yake, anataka dhamana kabla hajakubali. Swali la Mariamu lina "li-", yaani neno lile lililosemwa: amekwisha kukubali kwamba litakuwa, na anachouliza ni njia. Mmoja anauliza kuhusu uhakika wake mwenyewe, mwingine anauliza kuhusu kazi.

Kwa hiyo si kweli kwamba Biblia inasifu kutii bila kuuliza. Mariamu ameuliza, na ameuliza swali gumu la mwili wake mwenyewe, mbele ya malaika, bila kuomba radhi. Baada ya kujibiwa ndipo anatoa ridhaa yake. Hapo tena sarufi inasema. Malaika alizungumza kwa -ta-: atachukua mimba, atamwita mtoto jina fulani. Mariamu anajibu kwa dhamira tegemezi, kile kiishio cha -e kilicho katika "iwe". Wakati ujao wa malaika unageuka kuwa hiari ya msichana. Msimulizi angeweza kumwacha malaika aondoke baada ya kutangaza, kwani tangazo lilikuwa limekamilika. Hakufanya hivyo. Alimngoja Mariamu aseme, na malaika anaondoka baada ya neno lake.

Lipo neno moja ambalo haliwezi kupitwa hivi hivi. Biblia ya Muungano inamfanya Mariamu ajiite "mjakazi" wa Bwana. Habari Njema, tafsiri ya miaka ya 1990, imechagua "mtumishi". Kwa sikio la leo "mtumishi" ni laini zaidi. Lakini "mjakazi" ni mtumwa wa kike, na katika lugha iliyokulia pwani, ambako Zanzibar utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897, neno hilo lina uzito wa kutisha. Wapo wanaolitumia kuwafundisha wasichana kwamba mwanamke mwema ni yule asiye na neno. Mimi nalisoma kinyume. Mariamu anajiita mjakazi wa Bwana, na Bwana huyo ni mmoja. Kurasa hizo hizo, akiwa nyumbani kwa Elisabeti, anaimba juu ya wenye nguvu wanaoshushwa kutoka vitini mwao na wenye njaa wanaoshibishwa. Mjakazi wa namna hiyo hana bwana mwingine wa kumwogopa. Anayetaka kumtumia Mariamu kuwanyamazisha wasichana asome mpaka mwisho wa sura.

Mhusika asiye na maneno

Kutoka kwa Luka twende kwa Mathayo. Huku anayetembelewa ni Yusufu, naye ni kinyume cha Mariamu kwa jambo moja: katika Injili zote nne hakuna neno hata moja lililonukuliwa kutoka kinywani mwake. Zakaria alinyamazishwa, Yusufu hakunyamazishwa na mtu, lakini hasemi. Ndiyo maana katika maigizo yetu anakuwa kama nguzo ya jukwaa. Mhakiki mwenye haraka angeweza kumwita mhusika bapa.

Sikubaliani na hukumu hiyo. Yusufu ana mgogoro wa ndani kabla ya malaika yeyote kufika. Mchumba wake ana mimba, na yeye anajua kwamba si yake. Mathayo anatuambia kuwa Yusufu alikuwa mtu wa haki, na papo hapo kwamba hakutaka kumwaibisha Mariamu. Hayo mawili yanavutana. Amekata shauri la kumwacha kwa siri, na kwa kipimo cha watu wa wakati wake shauri hilo lilikuwa la huruma. Tukumbuke basi kwamba wito haukumkuta Yusufu katika uovu ili umtoe humo. Ulimkuta katika uamuzi mzuri ukamtaka auache kwa ajili ya uamuzi mgumu zaidi: kumchukua Mariamu, kumpa mtoto jina, na kubeba maneno ya majirani. Wengi wetu tunadhani wito wa Mungu hushindana na dhambi zetu peke yake. Mathayo anaonyesha kwamba unaweza kushindana na mipango yetu myema.

Maneno ya Yusufu yako katika vitenzi vyake. Mara nne anaonywa katika ndoto. Anaamriwa kuondoka, kumchukua mtoto na mama yake, na kukimbilia Misri. Na msimulizi anaposimulia alichofanya, anarudia vitenzi vile vile, safari hii vikiwa na -ka- ya masimulizi, na anaongeza kwamba ilikuwa usiku. Baadaye anaamriwa kurudi, na takriri ileile inajitokeza. Amri na tendo vimekuwa kama wimbo na kiitikio chake. Huo ndio mtindo wa Mathayo wa kuchora utii: hamsifu Yusufu kwa vivumishi vingi, anatuachia mwangwi wa vitenzi. Ningeweza kufupisha masimulizi yote mawili kwa viambishi vitatu: -ta- ya anayeita, -e ya anayekubali, -ka- ya anayetenda. Pale -ka- inapokosekana, wito umebaki ahadi tu.

Hata hivyo -ka- ya Yusufu si ya mashine. Katika kurudi kutoka Misri anasikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa baba yake Herode, naye anaogopa kwenda huko. Hofu hiyo hailaumiwi. Ndoto ya nne inakuja baada ya hofu, kana kwamba inaithibitisha, na familia inaelekea Galilaya. Akili ya Yusufu, masikio yake na hofu yake vimetumika. Tena hakuna ndoto iliyompa ramani nzima. Kila moja ilimpa hatua iliyofuata tu: mchukue, kimbia, rudi, pitia kule. Mwanafunzi anayengoja aonyeshwe maisha yake yote ndipo aanze kutembea hatapata msaada katika sura hizi.

Wachungaji waliokwenda na wasomi waliobaki

Luka anaeleza kwamba Mariamu alikwenda kwa Elisabeti kwa haraka, na wachungaji nao walikwenda Bethlehemu kwa haraka. Maneno hayo mawili, "kwa haraka", yanamuunganisha msichana wa Nazareti na walinzi wa mifugo. Wachungaji wanakwenda, wanaona, wanawaeleza watu, kisha wanarudi. Sehemu ya mwisho husahaulika. Wanarudi kwa kondoo wao wakimsifu Mungu. Hakuna aliyewaambia waache uchungaji wawe wahubiri. Wito kwao haukuwa kubadilisha kazi.

Upande wa pili Mathayo ameweka kejeli kali inayotuhusu sisi wa vyuo. Mamajusi wanafika Yerusalemu wakiuliza Masihi amezaliwa wapi. Herode anawakusanya wakuu wa makuhani na waandishi, yaani wasomi wa wakati huo, anawauliza swali hilo. Wanajibu bila kusita: Bethlehemu ya Uyahudi, na wanataja maandiko ya nabii. Jibu ni sahihi kabisa. Kama ungekuwa mtihani, wangepata alama zote. Kisha hakuna hata mmoja wao anayekwenda. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kilomita zisizofika 10, mwendo wa saa chache kwa miguu. Wageni waliotoka mashariki ya mbali wakiwa na nyota tu walifika. Wenye kitabu walibaki mjini. Mathayo hawalaumu kwa neno lolote. Anawaacha tu, hawatajwi tena katika kisa hiki, na kimya hicho ndicho hukumu yao.

Askari wa Herode nao walitii

Sasa tunafika mahali pagumu, ambapo maigizo yetu hayagusi kabisa. Herode, alipoona kwamba Mamajusi hawakurudi kwake, alituma watu wakawaua watoto wa kiume wa Bethlehemu wenye umri wa miaka miwili na kurudi chini. Waliotumwa walikwenda, wakafanya kama walivyoagizwa. Kwa sarufi tu, utii wao unafanana na wa Yusufu: amri, kisha tendo. Kama utii wenyewe ungekuwa wema, basi tungelazimika kuwasifu.

Hapa ndipo ninapoona hoja ya Mathayo inakamilika. Katika sura hiyo moja ameweka Mamajusi waliopewa amri na mfalme kwamba warudi kumletea habari, nao wakaonywa katika ndoto, wakapita njia nyingine. Wamemtii Mungu kwa kumkaidi Herode. Utii na ukaidi vimekuwa tendo moja. Swali linahama kutoka "je, umetii?" likawa "umemtii nani?"

Tutamjuaje anayeita? Matini inatupa angalau vipimo viwili. Malaika wanaoleta wito wanaondoka. Hawabaki kudai chochote, hawapati fungu, hawataki kurudishiwa taarifa. Herode naye anatumia lugha ya ibada, anasema anataka kwenda kusujudu, lakini amri yake inarudi kwake: mniletee habari mimi. Pili, wito wa Mungu katika sura hizi unalinda aliye mdogo, mtoto na mama yake. Amri ya Herode inamlinda mwenye kiti.

Sisi wa Uganda hatuhitaji kwenda mbali kuelewa jambo hilo. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mwenye jina lile lile la mume wa Mariamu, aliuawa Novemba 1885 baada ya kumkemea Kabaka Mwanga, na tarehe 3 Juni 1886 vijana wa ikulu walichomwa Namugongo kwa kuiweka sauti moja juu ya nyingine. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa katika utawala wa Idi Amin, baada ya maaskofu kumpelekea rais barua ya kupinga mauaji. Hawa wote walikuwa watu wa heshima kwa wakubwa. Waliitika wito mmoja, na kwa hiyo hawakuweza kuitikia mwingine.

Na katika maisha yetu ya kawaida, Herode mdogo hukosi. Tumewasikia watu wanaojiita watumishi wakimwambia mwanafunzi kwamba ameitwa kutoa ada yake ya muhula kama mbegu ya baraka, au kwamba Mungu ameonyesha nani atamwoa. Mwanafunzi akiuliza, anaambiwa awe kama Mariamu, atii. Lakini Mariamu aliuliza! Na aliyemletea ujumbe aliondoka mikono mitupu. Mtu anayekuletea wito wa Mungu kisha akanyosha mkono apokee, mpime kwa sura ya pili ya Mathayo.

Ninabaki na swali ambalo matini hailijibu. Yusufu alionywa, baba wengine wa Bethlehemu hawakuonywa. Mathayo hatoi maelezo. Anamleta Raheli wa kale akiwalilia wanawe, asiyekubali kufarijiwa, na anasonga mbele. Wahubiri wengi huruka aya hizo siku ya Krismasi kwa sababu zinaharibu sherehe. Nadhani mwandishi alifanya vema kutoziruka. Angetuandikia kisa cha mtoto aliyeokolewa bila kilio cha wale wasiookolewa, tungepata furaha ya bei rahisi, na wazazi waliofiwa wasingekuwa na mahali ndani ya Krismasi.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba maana ya Kikristo ya Krismasi haiko katika kuzaliwa kwa mtoto peke yake, bali pia katika watu walioitwa ili mtoto huyo apate mama, jina, ulinzi na mashahidi. Zakaria alitaka dhamana, akajifunza kwa kimya. Mariamu aliuliza, akaridhia. Yusufu hakusema, akatenda. Wachungaji walikwenda, wakarudi kazini. Mamajusi walimkaidi mfalme. Waandishi walijua, wakakaa. Askari walitii, wakaua.

Igizo la mwaka huu likiandaliwa, ningependekeza tumpumzishe mwenye nyumba ya wageni na tuwape nafasi wale waandishi wa Yerusalemu, wakiwa na vitabu vyao mikononi, wakionyesha kwa kidole njia ya Bethlehemu. Na nafasi ya Yusufu asipewe tena yule asiyeweza kukariri. Apewe kijana anayejua kuondoka usiku.